Mkungu wa Ndizi Hadi Chole

Mimi ni mtoto wa mlimani, na sipendi mtu anifundishe habari za kupanda na kushuka. Nimezaliwa Machame, ubavuni mwa mlima ambao zamani ulikuwa ukitema moto, na udongo wake mweusi ulikaa kwenye kucha zangu za miguu mpaka siku nilipovaa viatu vya shule. Tulikuwa tukishuka bondeni kukata majani ya ng'ombe na kuyapandisha kichwani, mzigo mkubwa kuliko aliyeubeba, na hakuna aliyetupongeza. Kwa hiyo nilipohamia Kibaha kwa kazi ya serikali na kuwasikia wenyeji wakiita vile viinuko vya Kisarawe milima, nilicheka mbele za watu. Nikasema kwetu hayo ni matuta ya viazi. Nimeyasema hayo ofisini kwa miaka mingi, nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka, huku ninanenepa.

Siku niliyolazimika kuyathibitisha maneno yangu ilikuja kwa sababu ya mtoto wa kaka yangu.

Kaka yangu alifiwa na mke mapema, na yeye mwenyewe hakukaa sana, akamfuata. Kijana aliletwa kwangu akiwa na begi dogo na kikohozi, nikamlea na wanangu. Hajaniita mama hata siku moja, na mimi sikumtaka aniite. Shangazi linatosha, nilikuwa nikisema, na kweli lilitosha. Alipokua akapata kazi ya ufundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja kule Zegereni, na hukohuko akampata binti aliyekuwa akikagua vifungashio. Alipokuja kuniambia, alisimama mlangoni mwa jiko, hakaribii wala haondoki, akawa anakwangua rangi ya fremu kwa ukucha. Nikamwambia acha kuniharibia mlango, sema. Akasema. Nilimpenda yule binti kabla sijamwona, kwa jinsi tu kijana wangu alivyoshindwa kulitamka jina lake bila kutabasamu.

Basi tukapeleka posa kwa baba yake binti, ambaye ana duka la vipuri vya baiskeli Maili Moja. Mshenga wetu alikuwa jirani yangu, fundi cherehani, mtu wa makamo aliyejaliwa ulimi. Fundi ana kanzu moja ya shughuli, nyeupe kama maziwa, na hotuba yake ya posa anaijua kwa moyo, na kila anapoisema anaongeza kipande. Tulipokewa vizuri, tukalishwa pilau, tukacheka. Mzee yule alipomaliza kunawa mikono ndipo akasema, kwa upole kabisa, kwamba tumekosea nyumba.

"Mimi ni baba, sikatai," akasema. "Lakini sisi ni Wazaramo. Binti wetu hatoki bila neno la mjomba wake. Na mjomba yuko Chole ya Kisarawe, na habari kwamba mmeanzia kwangu zimeshamfika kabla hamjamaliza kula."

Sisi kwetu neno ni la upande wa baba, na kichwani mwangu haikunijia kabisa kwamba kuna mahali mambo yamegeuzwa. Fundi naye, pamoja na hotuba zake zote, hakuuliza. Tulikaa pale na mikono inayonukia pilau, hatuna pa kutazama.

Kisha mzee akatueleza lililokuwa zito zaidi. Mjomba huyo alishaoza mpwa mmoja kwa watu wa mjini, waliokuja wakati wa kiangazi na magari yanayong'aa. Mama yake mpwa huyo alipofariki, ilikuwa masika na barabara imekatika. Wakwe wakapiga simu, wakasema njia mbaya, wakatuma rambirambi kwa simu hiyohiyo. Watu wa Chole wakazika wenyewe. Binti wa watu alilia makaburini hana mkwe hata mmoja nyuma yake. Tangu siku hiyo mjomba alisema hatatoa tena mtoto kwa watu wanaofika pale tu gari linapofika. Na sasa palikuwa na kijana mwingine, wa kijiji cha jirani, ambaye wazee wake walikuwa wameshakuja mara mbili kwa miguu.

"Amesema mje Jumamosi, kabla ya adhuhuri," akamalizia baba yake binti. "Msipofika, atampa yule mwingine neno lake. Mimi nawapenda nyinyi, na binti hamtaki huyo mwingine, lakini kwa mjomba mimi sina kauli."

Usiku ule kijana wangu hakula. Nilimwekea sahani, akaisogeza kwa adabu, akasema ameshiba. Mimi nikamjua, maana hata alipoletwa kwangu na lile begi lake alisema hivyohivyo, ameshiba. Nikaapa kimoyomoyo kwamba Jumamosi nitafika Chole hata kama nitatambaa.

Sasa niseme juu ya ndizi. Kwetu huendi kuposa mikono mitupu, na mimi nilikuwa nimeagiza nyumbani mkungu wa mshare, ndizi zetu za kupika, ukaja kwa basi umefungwa majani yake. Mkungu mzuri, mzito, vidole vimejaa. Fundi alipouona kwenye buti la gari tulilokodi, aliuliza kama tunaenda kuposa au kufungua genge. Nikamwambia akae mbele anyamaze. Furushi la heshima alikuwa nalo yeye: kanzu na kilemba cha mjomba, doti za khanga za mama na bibi, vyote vimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Kijana mwenyewe hakuja, maana mwoaji haendi kwenye posa yake. Alitufungia mlango wa gari, akabaki ameshika kitasa mpaka dereva akamwomba aachie.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu Alhamisi. Tulikatia Kiluvya, tukapita Kisarawe mjini vizuri tu, fundi akifanyia mazoezi hotuba yake, mimi nikisinzia. Lami ilipokwisha tukaanza kuyumba. Baadaye dereva akasimama, akashuka, akatazama, akarudi na kutueleza kwamba kalavati halipo. Nikadhani anatania. Nikashuka mwenyewe. Mahali palipokuwa na kalavati palikuwa na shimo lenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, na upande wa pili barabara inaendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Bodaboda kadhaa walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakitazama maji.

"Chole mama? Leo hakuna chombo kinachopita," mmoja akaniambia. "Labda mkate na njia ya miguu, ile ya msituni. Mnashuka bonde hili, mnapanda, mnashuka jingine, mnapanda. Hapo tu."

Fundi akanitazama. Alikuwa na kanzu yake nyeupe, viatu vya ngozi alivyovipaka rangi tangu jana yake, na kofia ya mkono aliyoshonewa na marehemu mama yake. Nikajua anachotaka kusema, kwa sababu ndicho nilichotaka kukisema mimi pia: tupige simu. Tuwaeleze njia mbaya, watu wazima wataelewa. Alikuwa ameshaitoa simu mfukoni.

"Ukipiga simu hiyo, fundi, umemwoza yule kijana mwingine," nikamwambia.

Akaitazama simu kama kitu kichafu, akairudisha mfukoni.

Nikavua viatu, nikavitia mkobani. Nikaisokota khanga yangu nikafanya ngata, nikamwambia dereva anitwishe mkungu. Dereva akauliza mara mbili kama niko makini. Bodaboda wakacheka, mmoja akaniambia, "Mama, acha utani, utavunjika shingo." Sijui kama kuna maneno ambayo yangenitia nguvu kuliko hayo. Mzigo uliponikalia, shingo ilikumbuka kabla yangu. Mgongo ukanyooka wenyewe. Nilikuwa mwanamke wa ofisini mwenye presha na miwani, na chini ya mkungu ule nikawa msichana wa Machame ambaye hakuna mtu wa kumwambia lolote. Tukaondoka.

Mwanzo njia ilipita kwenye mikorosho na mashamba ya mihogo, na nilitembea kama ninayekwenda kupokea zawadi. Kisha mashamba yakaisha na msitu ukatumeza. Sikuwa nimejua kwamba Kisarawe kuna msitu wa namna ile. Mikongo mirefu iliyonyooka, kamba za porini nene kama mkono wangu zimening'inia toka juu, majani yaliyooza yanayozama mguu unapokanyaga. Kulikuwa na harufu ya uyoga na ya maji. Juu yetu hondohondo walikuwa wakiruka, na mabawa yao yana sauti, kama mtu anayekung'uta mkeka, na kila waliposikika fundi aliinamisha kichwa. Tumbili walitufuata kwa muda wakinitazama mimi tu, au tuseme wakitazama ndizi.

Kuteremka bonde la kwanza kulinifundisha adabu. Udongo wa kule ni mchanga juu na utelezi chini, si kama wetu unaoshika mguu, na magoti yangu hayakuwa yale niliyoondoka nayo nyumbani. Niligeuza miguu upande, nikashuka kama kaa, mkono mmoja kwenye mkungu na mwingine kwenye vichaka. Nikaanza kuwaomba radhi kimyakimya wenyeji wote niliowacheka. Bondeni tulikuta tope la kufika kwenye ugoko, na humo fundi akaacha kiatu. Alikitafuta kwa mkono, akakipata, akakitazama, akavua na cha pili, akavifunga kamba na kuvining'iniza shingoni. Hakusema neno. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa hali mbaya.

Tulipanda. Moyo ulikuwa ukinipiga kama mashine ya kusaga, na mlimani kule juu tulipofika tulikuta kinamama wawili wakitoka kuchota maji. Wakatupa pole, wakatutazama juu mpaka chini, wakamwuliza fundi kwa nini mwanamume hana mzigo kichwani. Fundi akainua furushi lake kuwaonyesha. Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Nikauliza Chole bado mbali.

"Aa, hapo tu."

"Hapo tu ipi?" nikauliza. "Maana ya kwanza nimeshaimaliza."

"Hapo tu, mama. Ukivuka mto."

Hakuna aliyekuwa ametutajia mto.

Kabla ya huo mto kulikuwa na siafu. Walikuwa wakikata njia, mstari mweusi unaotembea, na fundi, ambaye macho yake yalikuwa kwenye furushi, akasimama katikati yao. Hakuhisi chochote mwanzoni. Hata mimi nilikuwa nimeshapita kwa kuruka, mkungu ukiyumba, nikasikia nyuma yangu mlio ambao sikuwahi kuusikia kwa mtu mzima. Alinitupia furushi, nikalidaka kwa mkono mmoja, akainua kanzu yake ya shughuli mpaka juu ya kifua na kuanza kucheza ngoma ambayo haina jina, akijipiga mapaja na kuwataja siafu na wazazi wao. "Geuka, dada! Geuka huko!" alikuwa akipiga kelele. Niligeuka. Nikashika mti nisianguke kwa kicheko. Machozi yalinitoka, na nadhani zaidi ya nusu yalikuwa ya woga niliokuwa nimeubeba tangu asubuhi. Alipomaliza alikuwa amevimba shingo na sikio moja, kanzu ina michirizi ya kijani. Alichukua furushi lake, akasema tuendelee, na kwamba akisikia habari hii mtaani atajua imetoka kwa nani.

Mto ulikuwa chini ya bonde la pili. Siku za kawaida nadhani mtu anauvuka kwa kukanyaga mawe. Siku ile ulikuwa umejaa, unakwenda kwa haraka, na daraja lake ni gogo moja lililolazwa, limeota ukungu mgongoni. Tulisimama tukilitazama.

"Dada," fundi akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ya mzaha. "Tuziache hizi ndizi. Tukifika tutasema zimebaki garini. Zitafuata. Hakuna atakayetulaumu."

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba maneno yake niliyaona mazuri. Shingo ilikuwa inawaka. Na ni kweli, hakuna ambaye angetulaumu. Lakini nikawaza juu ya wale wakwe wa kwanza, kwamba na wao walikuwa na kitu kilichobaki, kitakachofuata, na hakuna aliyewalaumu siku ile, walihurumiwa kwa njia mbaya, na yule binti akalia peke yake. Hasira zikanipanda. Sijui nilimkasirikia nani, fundi au wao au mto.

"Kitu kikisemwa kitafuata, fundi, hakifuati," nikamwambia. "Nipishe."

Nikapandisha gauni, nikalifunga kiunoni, nikakanyaga gogo kwa unyayo mtupu. Ukitembea juu ya gogo na mzigo kichwani huangalii chini. Unatazama mbele, mahali unapokwenda, na miguu unaiachia ijitafutie. Nilijifunza hivyo nikiwa mdogo juu ya mifereji ya kwetu, na mama yangu nyuma akinikataza kugeuka. Nikatazama kichaka cha upande wa pili chenye maua mekundu. Maji yalikuwa yananguruma chini yangu, mkungu ukanivuta kushoto, nikauacha univute kidogo kisha nikaurudisha. Katikati gogo lilicheza. Nikasimama. Nikapumua. Nikaendelea. Nilipokanyaga majani ya ng'ambo nilipiga ukelele mmoja wa furaha uliowatoa tumbili mitini, nikageuka kumtazama fundi nione amenionaje.

Fundi alikuwa anafika katikati. Gogo lilelile lililocheza chini yangu likamtupa. Alizama hadi kifuani, akaibuka amesimama, miguu kwenye mchanga, mikono yote miwili juu, na juu ya mikono furushi jeupe kavu kabisa. Kofia ya mama yake ilikuwa inaondoka na maji, taratibu, inazunguka. Angeweza kuishika kwa mkono mmoja. Alinitazama mimi, akaitazama kofia, akashikilia furushi kwa mikono miwili. Nilimpenda mtu yule wakati ule kama ndugu yangu wa tumbo moja. Aliponifikia nilitaka kusema kitu, yeye akaniwahi, "Usiseme. Twende."

Tukapanda mwinuko wa mwisho, kama tulivyodhani, na juu yake njia ikagawanyika mara tatu. Kila njia ilikuwa na nyayo. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza, simu yangu haina mtandao na ya fundi imelowa maji, na mawingu yalikuwa yamelificha jua tusijue ni saa ngapi wala wapi ni wapi. Fundi alisema kulia, mimi nikasema kati. Tukaanza kubishana, watu wazima wawili waliolowa, nusura tutukanane, na katikati ya ubishi tukaisikia adhana.

Ilitoka mbali, kushoto, upande ambao hakuna kati yetu aliyeutaja. Sauti nyembamba ya kipaza sauti, inakatika na upepo na kurudi. Adhuhuri. Ilikuwa inatuonyesha njia, na ilikuwa inatuambia kwamba tumechelewa.

Fundi akakaa chini. "Basi," akasema.

Mimi sikukaa. Ningekaa nisingeinuka. Nikashika njia ya kushoto, nikakazana, na mkungu ule nilikuwa sasa siuoni mzigo, nilikuwa ninaukimbiza. Nilikuwa ninalia, sioni haya kusema, ninalia huku ninatembea, nikimwona kijana wangu amesogeza sahani yake. Baada ya muda nikasikia miguu ya fundi nyuma yangu. Msitu ukaachia, ikaja minazi, ukaja moshi wa majiko, wakaja kuku, kisha nyumba ya bati yenye baraza pana ambayo mtoto wa njiani alituonyesha kwa kidole kabla hatujauliza. Wanaume walikuwa msikitini. Kinamama waliokuwa jikoni walitoka wakatuona, na vyombo vikanyamaza.

Mama yake binti wetu, aliyekuwa ametangulia tangu jana yake, alinishika mkono. "Mmepitia wapi?" akauliza. "Njia si imekatika?"

"Msituni," nikasema.

"Na hicho kichwani?"

"Ndizi."

Akanitua mkungu yeye na wenzake, watu watatu, na nilihisi kama ninaelea. Tukakalishwa barazani, juu ya mkeka ambao tulikuwa tunauchafua hata kwa kuutazama. Fundi akajaribu kukunja michirizi ya kanzu yake ndani. Kichwa wazi, sikio limevimba, alikuwa akinong'ona hotuba yake na mara kwa mara akisahau.

Mjomba alirudi na wazee wenzake wawili. Mtu mfupi, mkavu, anayetembea kwa haraka. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kutabasamu, akakaa mbele yetu, akatutazama mmoja mmoja. Fundi akajikohoza, akaanza, "Mzee wetu, sisi tumekuja, kama wasemavyo, tumeona ua katika bustani yako..."

"Adhana imewakuta wapi?" mjomba akamkatiza.

Fundi akajibu, "Juu kule, mzee. Pale panapogawanyika njia."

"Pale si mbali," mjomba akasema, sijui kwa nani. Kisha akainama mbele. "Sina haja ya hotuba. Nina swali moja. Mpwa wangu huyu akifiwa. Akiugua. Akijifungua vibaya usiku wa masika. Nani atakuja hapa?"

"Mzee wangu," fundi akasema, amepata pa kushika, "ukoo wetu mzima..."

"Ukoo hautembei. Nitajie mtu mmoja."

Nilikuwa nimeonywa nisifungue mdomo. Kwenye posa mwanamke wa upande wa mwoaji hukaa na kuinamisha macho, msemaji ni mshenga, na tulikuwa tumeshawakosea watu hawa mara moja. Nilijua yote hayo. Lakini fundi alikuwa amenyamaza, na ile nafasi ilikuwa inafunguka na kufunguka, na nikamwona kijana wangu ndani yake.

"Mimi," nikasema.

Wazee wale wawili wakageuza shingo. Mjomba hakuonekana kushangaa. "Wewe ni nani yake?"

"Shangazi yake. Nimemlea tangu mdogo. Mama yake amefariki."

"Na barabara ikikatika, utapitia wapi?"

Hapo hasira zangu za siku nzima zikanitoka zote kwa pamoja. Niliinyoosha miguu yangu mbele ya watu wazima, kitu ambacho mtu mwenye adabu hafanyi, miguu iliyopasuka na kuchubuliwa, tope la mabonde mawili limekaukia mpaka magotini. "Mzee," nikasema, "mimi nimepitia wapi leo?"

Mjomba aliitazama ile miguu kwa utulivu, kama mtu anayesoma. Alipomaliza akageuza uso kuelekea ndani, akapaza sauti.

"Mwambieni binti alete maji. Mkwe wake hajanawa miguu."

Mimi sikuelewa mara moja. Nilidhani ameona uchafu tu, nikaanza kurudisha miguu yangu nyuma kwa aibu. Fundi ndiye aliyenishika mkono, kwa nguvu, mpaka ukaniuma. "Dada," akaninong'oneza, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Umesikia amekuitaje?"

Pazia la mlango likasogea, na binti akatoka na beseni, uso umelowa machozi na unacheka, maji yanamwagika kila hatua. Kigelegele katika siku kama ile ni haki ya wenye binti, na upande wa mwoaji husubiri wenyewe waanze. Mimi sikusubiri. Nilikipiga nikiwa nimekaa palepale juu ya mkeka, kirefu, cha Machame, mpaka wazee wakaziba masikio na kinamama wa jikoni wakatoka mbio kunikuta nimeshawamalizia.